Wakala Aliyefuata Utaratibu

Ukiuliza mjini Songea, wengi watakwambia Wakala ni mtu mwema. Mimi simo. Nimemfahamu zaidi ya miaka kumi na tano, nimekalia benchi la duka lake zaidi kuliko nilivyokalia benchi la kanisa, na ninayoyajua juu yake sikusimuliwa na mtu. Simwandiki ili nimtukane, maana kumtukana nilishamtukana mbele ya wateja wake na haikunisaidia kitu. Namwandika kwa sababu hapa mtaani kwetu Ruhuwiko bado kuna watu wanaoniita mwizi, na watu haohao yeye wanamwita mzee wetu.

Jina analo, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa wakala wa kampuni kubwa ya televisheni za kulipia, mkoa mzima. Ving'amuzi, madishi, vifurushi, kadi iliyogoma, rimoti iliyokaliwa na mgeni mnene, vyote vilipita kwake. Kuanzia hapa hadi Namtumbo, hadi Tunduru kwenye madini, mtu akitaka kutazama mpira kwa halali alilazimika kupita mlangoni kwake. Hata paroko, siku Wakala alipotoa spika mbili za kanisa, alisimama mbele ya waumini akasema tumshukuru Wakala wetu, na watu wakapiga makofi kama vile hilo ndilo jina alilobatizwa nalo.

Mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni hata mwezi wa kumi na moja joto likiwa limetupiga. Sauti haikupanda kamwe. Mezani alikuwa na kidau cha wino na mihuri mitatu, na mmoja wa mihuri hiyo uliandika neno moja tu: IMEPOKELEWA. Aliupenda muhuri ule. Ukimpelekea barua aliisoma yote taratibu huku midomo ikichezacheza, akaigonga muhuri, akaipuliza wino ukauke, akakurudishia nakala yako kwa mikono miwili. Ulitoka pale ukijiona umesikilizwa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kupokelewa na kusikilizwa ni mambo mawili tofauti.

Niseme na mimi nilikuwa nani. Nilikuwa na kebo hapa Ruhuwiko. Chumba kimoja nyuma ya nyumba, madishi makubwa matatu juu ya bati, na waya uliotoka pale ukapita kwenye nguzo za mikaratusi nyumba hadi nyumba. Mtu asiyeweza kununua dishi lake alilipa kidogo kwa mwezi akapata chaneli zote nilizonazo. Leseni nilikuwa nayo, nimeitundika ukutani ndani ya fremu. Fundi wangu, Komba, mtu mzima mwenye wajukuu, ndiye aliyepanda nguzo. Wateja wangu walikuwa walimu, wajane, wastaafu. Tulikuwa na taarifa ya habari, tamthilia, nyimbo za dini. Tulichokosa ni mpira. Chaneli ya mpira ilikuwa mkononi mwa kampuni ya Wakala.

Sheria ilikuwa wazi. Mwenye chaneli ya aina ile anatakiwa awauzie wenye kebo wote wenye leseni, kwa bei ya jumla, kwa masharti yaleyale, bila kumpendelea huyu na kumbania yule. Kanuni ile niliisoma mpaka ningeweza kuikariri nikiwa napika. Kasoro yake ilikuwa moja tu: maombi ya mkoa wetu yalipitia kwa Wakala, na Wakala naye alikuwa na kebo. Iliandikishwa kwa jina la shemeji yake, ikahudumia mitaa ya Mjimwema na Bombambili, na ilionyesha mpira tangu siku ya kwanza. Waya wa kule ukikatika watu wakamwendea shemeji, shemeji mwenyewe aliwaambia, "Mwoneni Wakala."

"Mimi simnyimi mtu, dada," aliniambia mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara zote zilizofuata. "Mimi nafuata utaratibu."

Utaratibu ulianza na barua. Nikaandika. Ikagongwa muhuri. Baadaye ikatakiwa nakala ya leseni. Kisha nakala hiyo ithibitishwe na wakili. Kisha ramani ya waya zangu zinapopita. Nikaichora, na Komba akanisaidia kuhesabu nguzo. Kisha ramani isainiwe na mtendaji wa kata. Mtendaji alipokwisha kuisaini, nikaambiwa makao makuu wamebadilisha fomu, tuanze upya. Nilipotokwa na maneno makali, Wakala aliniagizia soda kwenye duka la jirani, akasubiri niinywe nusu, akasema, "Pole, mlongo wangu, ndugu yangu. Hata mimi utaratibu huu unaniumiza." Nilimchukia siku hiyo. Soda niliimaliza.

Sasa yale mazuri yake, maana nisipoyasema mimi atayasema mwingine na mimi nitaonekana mwongo. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Matarawe aliyepooza upande mmoja, raha yake iliyobaki ni televisheni. Upepo uligeuza dishi lake, na mafundi wote wa Wakala walikuwa Tunduru. Wakala alivua viatu, akakunja suruali, akapanda juu ya bati akiwa amevuka miaka sitini, akaligeuza dishi mwenyewe huku mke wa mwalimu akipiga kelele kutoka ndani, "Bado! Bado! Hapohapo!" Nilikuwa napita, nikaona kwa macho yangu. Hakuchukua hata senti.

Na mpira wenyewe hakuupenda. Hilo ndilo lililokuwa likinichekesha. Dukani kwake televisheni nne zilikuwa zimewashwa kutwa nzima, na zote zilionyesha samaki au simba. Mtu akiomba aweke mechi, alisema, "Watu wazima kukimbizana, nitazame nini?" Nyumbani alisikiliza redio. Watu wa vibanda umiza, wanaoonyesha mechi kwa kiingilio, walimsujudia kwa ajili ya kitu ambacho yeye mwenyewe alikiona upuuzi, na akakishika kwa mikono miwili asikipate mwingine.

Niliwahi kupanda gari lake kwenda Namtumbo, msimu wa tumbaku, wakulima wakiwa wameshauza. Nilikuwa nakwenda msibani na basi lilikuwa limejaa. Kule nilimwona akifanya jambo ambalo bado sijui niliweke wapi. Mkulima mmoja, Mwislamu mtulivu, alikuja na pesa za dishi mkononi. Wakala akamsalimia kwa Kiyao, akamuuliza habari za mkewe, akamuuliza watoto wangapi wanarudi shule.

"Watatu, alhamdulillah," yule bwana akajibu.

"Basi usinunue leo. Wapeleke shule kwanza. Dishi halikimbii."

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia kwamba huruma aliyompa yule mkulima angenigawia na mimi kidogo. Hakukasirika. Alipunguza mwendo kupisha ng'ombe, kisha akasema, "Unajua kosa lako, dada? Unaomba kama unadai."

"Ni haki yangu, mzee. Iko kwenye sheria."

"Ndiyo hilo ninalosema."

Hapo nilimwelewa vizuri kuliko siku zote. Mtu akimjia mikono mitupu, Wakala alikuwa tayari kupanda bati kwa ajili yake. Mtu akimjia na karatasi inayosema apewe, alifunga mkono. Alitaka kila kitu mkoani kitoke kwake kama zawadi. Kwa hiyo sheria iliyosema niuziwe kwa masharti sawa na shemeji yake ilimkera moyoni, kama vile kuna mtu kaingia jikoni kwake na kujipakulia.

Wakati huo wateja wangu walikuwa wanaondoka. Aliyehamia Mjimwema alipata mpira, akaja kuwasimulia wa huku. Komba alikuwa akirudi jioni na waya aliokata kwenye nyumba ya mtu, ameuviringisha begani, anautundika kwenye msumari. Msumari ulipojaa tukapigilia mwingine. Ile kebo ndiyo niliyokuwa nayo. Niliacha ajira kwa ajili yake, na sikuwa na kitu kingine cha kurudia.

Nikamwendea Wakala na barua ya tisa, machozi yakiwa karibu. Aliisoma. Akatazama barabarani, si usoni mwangu.

"Nyumbani kwako si una king'amuzi?"

"Ninacho."

"Na mpira kinaonyesha?"

"Kinaonyesha."

"Basi mimi sijui unalia nini." Akagonga muhuri, akapuliza.

Nilielewa, na nani asingeelewa? Kadi ya king'amuzi cha nyumbani ni ya nyumba moja, kuiunganisha kwenye kebo ni kuiba, na hilo nililijua vizuri kama ninavyojua jina langu. Lakini mwenye mali mwenyewe ndiye aliyeniashiria. Nikadhani ndiyo njia yake ya kutoa: hawezi kunipa kwa sheria, ananipa kwa pembeni, ili iwe zawadi. Jumamosi ya wiki hiyohiyo Komba aliunganisha, na goli la kwanza lilipoingia nilisikia Ruhuwiko yote ikipiga kelele kwa pamoja. Wateja walioondoka wakarudi. Nilifanya kosa, na sikulazimishwa na mtu. Nalisema hivi kwa sababu yeye hajawahi kulisema lake hadharani.

Miezi miwili baadaye likaja tangazo kwamba watu wa mamlaka ya mawasiliano watakuja Songea kusikiliza malalamiko ya wenye kebo na televisheni. Nilikuwa nimewaandikia wao pia, tena sana. Nikazipanga barua zangu, sasa zilikuwa kumi na moja, kila moja na muhuri wa Wakala. Komba akaniambia, "Dada, itoe ile kadi kwanza, kikao kipite."

"Nikiitoa leo wateja wataniuliza mpira uko wapi."

"Bora wakuulize wao."

Sikuitoa. Niliona ni ile zawadi ya Wakala, na mtu haji kukushtaki kwa alichokupa.

Jumamosi ya kabla ya kikao, saa kumi jioni, Wakala alikwenda kumsalimia mteja wangu mmoja, muuguzi mstaafu anayeishi karibu na kisima. Yule mama alinisimulia baadaye kwa mshangao. Alimpikia chai. Wakala akakaa kwenye kochi, akaomba awekewe mpira, akautazama kipindi kizima cha kwanza simu ikiwa mkononi, hakupepesa macho. "Nikasema leo Wakala kaupenda mpira," mama akaniambia. Kisha juu ya kioo, katikati ya wachezaji, zikatokea tarakimu nyeupe kwa sekunde chache. Kampuni hufanya hivyo wakala wake akiiomba, ijulikane kadi ipi inaonyesha wapi: inatuma namba ya kadi itokee kwenye kioo. Nyumba zote za Ruhuwiko ziliiona namba yangu jioni ile, na hakuna aliyejua ni nini. Wakala alipiga picha, akamaliza chai, akaaga vizuri.

Kikao kilifanyika asubuhi, ukumbi umejaa. Afisa aliyekiongoza alikuwa mwanamke mwenye umri mdogo, miwani, sauti ndogo, na kila barua yangu aliisoma. Akamgeukia Wakala.

"Barua kumi na moja, mzee. Zote umezipokea. Kwa nini hajauziwa?"

"Mheshimiwa, mimi simnyimi mtu. Mimi nafuata utaratibu."

"Na kebo ya shemeji yako ilipata chaneli hii kwa barua ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Nikajua nimeshinda. Kisha Wakala akatoa bahasha mfukoni, akaipeleka mbele kwa mikono miwili.

"Naomba mheshimiwa aisome namba iliyopo kwenye picha hii. Kisha aangalie kwenye orodha ya wateja namba hiyo ni ya nani."

Afisa akaangalia. Akavua miwani, akanitazama kwa huzuni, na huzuni ile iliniuma kuliko ukali. Nikasimama, nikapiga kelele kwamba yeye ndiye aliyeniambia.

"Nilikwambia nini, dada?" Wakala akauliza kwa upole. "Litaje neno nililokwambia."

Nikalitaja. Nikasema, "Aliniuliza kama nyumbani nina king'amuzi." Ukumbi ukacheka tena, safari hii wakinicheka mimi.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa, karatasi moja. Juu uliagiza kampuni iwauzie wenye kebo wote wa mkoa, kwa masharti yaleyale aliyopewa shemeji. Chini ulifuta leseni yangu. Kwa hiyo niliyoyapigania yalipatikana, na walioyapata ni wengine. Mwenye kebo wa Namtumbo alipata chaneli yake bila kuandika barua hata ya pili. Nguzo zangu na waya zangu alizinunua mgeni kutoka Njombe, na Ruhuwiko inatazama mpira hadi leo kupitia kwenye mikaratusi niliyoisimamisha mimi. Komba yuko naye. Simlaumu, ana wajukuu.

Mama yangu alipofariki, Wakala alileta gunia la mahindi na akakaa msibani siku zote tatu, kwenye turubai, akiimba nyimbo kwa sauti nzito ya chini. Watu walinong'ona jinsi alivyo na moyo, amekuja kwa mtu aliyemwibia. Sikuweza kumfukuza. Nilimpelekea chakula kwa mikono yangu, na kilio changu siku ile hakikuwa cha mama peke yake.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaisha, alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa uani napukuchua mahindi, jua la saa nne. Amezeeka, shati limemzidi shingo. Habari zake nilikuwa nazo: watu siku hizi wanalipia vifurushi kwa simu, wengine wanatazamia humohumo kwenye simu, na kampuni ilikuwa imemwondoa na kumpa mkoa kijana mwenye duka la simu. Duka lake sasa linauza rangi za nyumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada. Za hapa?"

Nikampa kigoda na chai. Akanieleza. Kampuni haikumpa hata barua, alikuta tu amefungiwa kwenye mtandao wao asubuhi moja. Alitaka kulalamika mamlakani. Na alikuwa na kitu cha kuonyesha: akatoa karatasi za zamani, maagizo kutoka juu yaliyomtaka asiwaharakishie wenye kebo wadogo, maombi yao yazungushwe. Maombi yangu yalikuwa yametajwa.

"Nilikuwa natumwa," akasema. "Nataka hilo lijulikane. Wewe unajua kuwaandikia wale watu. Niandikie, halafu uwe shahidi wangu."

Nilizisoma zile karatasi mara mbili. Kisha nikamrudishia.

"Na kadi? Nayo walikutuma?"

Akaweka kikombe cha chai chini.

"Hapana. Ile ilikuwa yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeshinda, dada."

Nikaingia ndani, nikatoka na karatasi na kalamu. Niliandika palepale juu ya ungo, nakala mbili, kwa ufasaha niliojifunza kwa miaka ile yote. Niliandika maagizo ya kampuni, kebo ya shemeji, jinsi walivyomwondoa bila haki, maana hapo kweli alionewa. Na nikaandika habari ya kadi: alivyoniashiria, kosa nililolifanya mimi, alivyokwenda kukaa kwenye kochi la watu na simu mkononi, na jibu alilonipa sasa hivi, kwamba ningeshinda. Nikamsomea yote.

"Hapo pa kadi paondoe," akasema. "Ukipaacha, wataniona mimi ndiye mkosaji, na haki yangu itapotea."

"Najua. Mimi ilinipotea hivyohivyo."

Aliishika kalamu. Aliizungusha vidoleni, akaisoma barua mwenyewe kuanzia juu, midomo ikicheza, akafika pale pa kadi, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaiweka kalamu chini taratibu. Alikunja karatasi zake za zamani, akanishukuru kwa chai, akaondoka bila kutia sahihi.

Nilimtazama mpaka akapinda kona ya kisimani. Kisha nikachukua nakala ya pili, nikaandika jina langu chini yake, nikatia sahihi, nikabadilisha viatu, nikaenda posta.